Ngozi kaiweza, karatasi za marumaru kazitupa

Sijui nimpe nyota ngapi fundi huyu wa kujalidi vitabu. Nikiutazama mgongo wa kitabu natamani kumpa zote. Nikifungua jalada natamani nisimpe hata moja.

Kitabu chenyewe ni cha msafiri Mwingereza aliyepita pwani yetu, kimechapwa London mwaka 1872. Mmiliki mmoja wa zamani alikijalidisha kwa ngozi ya ndama mgongoni na kwenye pembe, kama walivyopenda Waingereza wenye uwezo. Nilikinunua huku huku Uingereza, ngozi ikiwa imeshapata ule uozo mwekundu wa vitabu vya enzi ya Malkia Victoria: ukikishika tu, viganja vinajaa unga wa rangi ya kutu. Lakini karatasi za ndani ya jalada, zile za marumaru, zenye rangi zilizochorana kama jiwe la marumaru, zilikuwa nzima! Mawimbi ya buluu na nyekundu, mtindo wa Kihispania, ambao fundi huupata kwa kuichezesha karatasi mbele na nyuma anapoilaza juu ya rangi.

Rangi zenyewe huelea kwenye maji yaliyofanywa mazito kwa mwani, nyongo ya ng'ombe huzifanya zitande bila kuchanganyika, na karatasi iliyopakwa shabu huzidaka papo hapo. Huo ni mwani wa Ireland, lakini ute wake ni jamii moja na ule unaotoka kwenye mwani wanaolima akina mama wa Paje, Zanzibar. Sura ikishatoka haitoki tena vile vile, hata fundi yule yule akirudia kwa rangi zile zile. Ndiyo maana nilipompelekea kitabu fundi huyu wa kujalidi nilimwambia kwa mdomo, kisha nikamwandikia kwa barua pepe: ngozi itengeneze, karatasi za ndani usiziguse.

Kazi ya ngozi sina la kuikosoa. Kavisha ngozi mpya, kisha karudishia juu yake kipande cha mgongo wa zamani chenye jina la kitabu. Rangi kailinganisha hivi kwamba kiungo hukioni mpaka upitishe kucha. Mistari ya dhahabu kaipiga kwa chuma cha moto, imenyooka, inawaka. Nilifurahi, nikamsifu. Kisha nikafungua.

Nyeupe. Nyeupe pee, karatasi mpya inayonuka gundi.

"Zile za zamani ziko wapi?"

"Zilikuwa na madoa, nimetupa. Kitabu sasa kisafi, hujafurahi?"

Hata uso hakuinua. Nikamwonyesha barua pepe yangu, akasema wateja wengi hawajui wanachokitaka, tena yeye ndiye fundi. Na hayo aliyoyaita madoa ni pamoja na jina la mmiliki yule, lililoandikwa kwa wino uliokwishageuka kahawia! Kipande cha historia ya kitabu kimekwenda kwenye pipa la taka, na mimi nimelipa bei kamili.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nia ya kumpa nyota tatu kwa ajili ya ile dhahabu. Sasa naona tatu ni nyingi mno. Mbili pia nyingi. Moja.

Kama kitabu chako ndani kina karatasi tupu, mpelekee, ngozi anaijua kweli. Chenye marumaru usithubutu. Na anayemjua fundi hapa Uingereza anayetengeneza mawimbi ya Kihispania kwa mkono, tafadhali anielekeze, maana weupe huu siwezi kuuacha humo.