Speli za kuita wanyama kwenye D&D: uzoefu wangu na matoleo matatu

Wadau, kama kikosi chenu cha Dungeons & Dragons (ule mchezo wa mezani wa kuigiza na kurusha dadu) kina druidi, yani mchawi wa porini, basi hii inawahusu. Mimi ndo DM, yani mwendesha mchezo, kwenye grupu letu, tunacheza toleo la tano, na speli (uchawi) za kuita wanyama nimeziendesha za aina zote tatu, ile ya kitabu cha 2014, zile za kitabu cha nyongeza cha 2020 na hii mpya ya 2024, na kwa kweli kura yangu inaenda kwa 2020 bila kusita.

Conjure Animals ya 2014 ndo yenye utamu na ndo yenye balaa. Ni speli ya leveli ya 3, druidi anaipata akifika leveli ya 5, anaita mnyama mmoja wa CR 2 (CR ni kipimo cha ugumu wa dubwana), au wawili wa CR 1, au wanne wa nusu, au wanane wa robo. Sasa nani achukue mmoja wakati wanane wapo? Na wanane wakiwa mbwa mwitu ujue kazi ipo. Kila mmoja ana HP 11 (uhai wake), anang'ata kwa +4 (anaongeza 4 kwenye dadu ya pande 20), dameji yake (madhara) wastani ni 7, alafu wakimzunguka adui wanapata advanteji, yani unarusha dadu mbili unachukua iliyo kubwa. Piga hesabu kwa adui mwenye AC 15, yani namba ya kufikia ili umpate: kila mbwa anampata kwa asilimia 75, zidisha mara wanane unapata kama dameji 42 kwa raundi moja. Faita, yani mpiganaji, wa leveli hiyohiyo na upanga wake mkubwa, akipiga mara mbili, wastani wake ni kama 14. Mara tatu! Na hapo druidi bado ana zamu yake mwenyewe, na kila anayeng'atwa anafanya seivu ya nguvu DC 11 (dadu ya kujinusuru, anatakiwa afike 11), akifeli anaangushwa chini.

Wengi wanalalamikia dameji ila mimi naona kinachoua mchezo ni zamu. Mbwa wanane ni dadu 16 za pande 20, hapo hujagusa dameji, hujagusa seivu, hujapanga nani kasimama mraba gani, na kaka wa watu anayecheza faita amekaa tu anaangalia, ikifika zamu yake anauliza "yule zimwi bado yupo?" na zimwi keshakufa zamani. Hiyo inaniuma sana kwasababu kila mtu amekuja kucheza.

Kuna watakaokwambia wapigie Fireball, speli ya mlipuko wa moto, yaishe, na ni kweli, wastani wake ni 28, hata mbwa akifaulu seivu anakula 14 na ana 11 tu, wote wanaondoka. Lakini ukifanya hivyo kila pambano mwenye druidi ataona unamwinda yeye, na atakuwa sawa. Kilichotusaidia ni ule ufafanuzi rasmi kwamba mchezaji anachagua idadi, wanyama wenyewe anachagua DM, kwahiyo kwenye kinamasi nilikuwa natoa vyura wakubwa. Ikapunguza makali, muda haikupunguza.

Sasa njoo Summon Beast ya 2020. Leveli ya 2, anakuja mnyama mmoja basi, ana ukurasa wake mmoja na namba zake zinapanda kadiri ya sloti (nafasi ya kupiga speli) uliyotumia: AC ni 11 jumlisha leveli ya speli, HP ni 30 kwa wa nchi kavu au wa majini na 20 kwa wa angani, kila sloti ya juu inaongeza 5. Anapiga kwa ustadi wa druidi mwenyewe, anacheza mara tu baada ya zamu ya bosi wake, hakuna kufukua kitabu cha madubwana katikati ya vita. Huyo ndo balansi ninayoitaka: ana nguvu ya kutosha kuonekana, anaweza kuuawa, na mchezaji wetu alimpa jina na akaanza kumlinda mbele ya adui, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa wale wanane.

Ya 2024 wametatua muda kabisa ila wamewaondoa wanyama. Conjure Animals saivi ni kundi la roho linalotembea na wewe, adui akiwa ndani ya futi 10 anafanya seivu ya wepesi, akifeli anakula 3d10 (dadu tatu za pande 10), wastani 16.5, akifaulu hali kitu. Haraka, safi, lakini hao wanyama hawauliki, hawazibi njia, adui hana la kufanya zaidi ya kumpiga druidi mpaka konsentresheni, ule umakini unaoishikilia speli, ikatike. Nilitamani sana wabaki na miili.

Ukichukua ya 2020 angalia kitu kimoja tu: idadi ya mapigo ni nusu ya leveli ya speli na inashushwa chini, kwahiyo sloti ya 3 bado ni pigo moja, wastani 11.5, ila sloti ya 4 ni mapigo mawili ya 12.5 kila moja. Mwenye sloti ya 3 bora aitumie kwa kitu kingine, hiyo ya 2 ndo amwitie mnyama, na akifika leveli ya 7 aanze kumpa ya 4.