Bodi ya Faiba, Mlango wa Dereva na Jibu la Muuzaji: Uzoefu Wangu wa Kujenga Speedster Nyumbani

Nilinunua bodi ya faiba inayoiga ile ya Porsche 356 Speedster, gari la michezo la zamani, kutoka karakana moja ya hapa Uingereza, ambayo sitaitaja jina kwa sababu madai yetu bado hayajaisha, na jambo la kwanza ninalotaka msomaji alijue ni kwamba mlango wa dereva haukufunga. Haukufunga siku bodi iliposhushwa kwenye lori, haukufunga nilipoikalisha juu ya chasisi, na haukufunga hata baada ya mwenye karakana kuniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa mlo wake, kwamba nikitaka milango inayofunga kama ya kiwandani nikanunue gari la kiwandani. Maneno hayo nimeyasikia majira ya baridi iliyopita na mpaka leo hayajanitoka rohoni, kwa hiyo atakayeona tathmini hii imekolea hasira mahali fulani ajue chanzo chake.

Kwa wasioijua biashara hii, nieleze kwa ufupi mtu anatafuta nini anapojitia katika taabu kama hii. Speedster halisi ilitolewa mwaka 1954 kwa sababu Max Hoffman, aliyekuwa akiingiza magari ya Ulaya mjini New York, alitaka gari jepesi, lisilo na mapambo mengi, ambalo Mmarekani angeweza kulinunua kwa bei isiyofika dola 3,000. Bodi yake ilikuwa ya chuma, ikitengenezwa na Reutter wa Stuttgart, na leo gari moja lililo katika hali nzuri huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, fedha ambazo mtu wa mshahara kama mimi hazisikii ila kwenye habari za minada. Mfano wa faiba ndio njia ya sisi wengine. Wala si udanganyifu mkubwa kama wanavyodai wakosoaji, maana zile 356 za mwanzo kabisa, zilizojengwa Gmünd nchini Austria mwaka 1948, zilitumia vipuri vingi vya Volkswagen, zikiwa na injini inayopozwa kwa hewa. Mjenzi wa nyumbani anafuata njia ileile: anachukua Volkswagen Beetle, anavua bodi yake ya zamani, anaifupisha sakafu ya chuma, ambayo ndiyo chasisi yake, kwa sentimita zipatazo 30, kwa kuwa umbali kati ya ekseli za Beetle ni milimita 2,400 na wa 356 ni milimita 2,100, kisha anaikalisha bodi mpya juu yake. Mtu aliyekulia Mombasa hahitaji kushawishiwa kuhusu uimara wa Beetle, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1962 katika tope na mawe ambayo magari ya bei kubwa yaliyakimbia. Kazi ya kukata na kuchomelea sakafu nilimpa fundi mwenye cheti chake, akaifanya vizuri, na kwa kuwa ilikwenda vizuri sina la kuongeza.

Bodi ilipofika, nilifurahi. Lazima niseme hivyo kwa haki, ingawa kalamu inakataa. Ilikuwa nyeupe, jelikoti yake, yaani tabaka laini la nje la faiba, inang'aa kiasi cha kujiona sura, na mstari unaotoka kwenye taa ya mbele, ukapita juu ya madigadi, ukashuka mpaka nyuma, ulikuwa umechukuliwa barabara kutoka kwenye gari halisi. Aliyetengeneza kalibu ile alikuwa bingwa na sitaki mtu yeyote aniambie vinginevyo. Majirani walitoka nje kuitazama. Jirani mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hatusalimiani zaidi ya kuinua mkono, alisimama pale hadi chai yake ikapoa.

Kisha nikajaribu kufunga mlango. Upande wa bawaba haukuwa na mwanya wa kupitisha hata kadi ya benki, na upande wa kitasa niliweza kupitisha kidole gumba bila kukibana. Chini mlango ulitokeza nje, juu ukazama ndani, ukakaa kama kofia iliyovaliwa upande. Nilipopima kwa utepe kutoka pembe hadi pembe ya nafasi ya abiria, vipimo viwili ambavyo vingepaswa kulingana vilitofautiana, maana yake bodi nzima ilikuwa imejikunja. Sababu yake inajulikana kwa kila aliyewahi kufanya kazi ya faiba: resini, ile gundi inayoshikilia nyuzi, ikishaganda juujuu bado huendelea kukomaa kwa siku nyingi, na bodi ikitolewa kwenye kalibu mapema, ikawekwa sakafuni bila fremu ya kuishikilia, huchukua umbo la mahali ilipolala na kubaki nalo. Mwenye karakana alikuwa na wateja wanaongoja na kalibu moja tu, ndiyo maana ya haraka. Hilo sikulikisia, alinieleza mwenyewe siku alipokuwa akichukua malipo ya awali, akijisifu jinsi oda zilivyokuwa nyingi.

Nilimpigia simu ya video mjomba wangu wa Mombasa, ambaye ametengeneza na kuziba boti za faiba tangu nikiwa mtoto.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hiyo ni boti ya nani yenye magurudumu?"

Alipomaliza kucheka aliniambia nichukue sarafu nigonge bodi yote taratibu, nikisogeza simu karibu, naye akawa anasikiliza. Mahali palipo na faiba iliyoshikamana, sarafu hutoa mlio mkavu na mkali, na mahali penye hewa chini ya jelikoti mlio hufa. Kwenye paneli pana hakukuwa na tatizo. Lakini kwenye kingo za mlango wa dereva, na kwenye kona kali iliyo chini ya kioo cha mbele, mlio ulikufa mara kwa mara, naye kila mara akasema, "Hapo tia alama." Mkeka wa nyuzi za kioo haupendi kukunjwa kwenye kona kali, fundi asipoupiga rola kwa subira, hubaki umeinuka kidogo na kuacha mfuko wa hewa, na siku gari lililopakwa rangi nyeusi litakapokaa juani, hewa ile itatanuka na kuinua rangi malengelenge. Mjomba hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba aliyefanya kazi ile alikuwa anataka kwenda nyumbani.

Baada ya hapo ndipo nikapiga ile simu. Nilimweleza mwenye karakana vipimo, nikamweleza sarafu, nikamwambia picha ziko kwenye barua pepe yake, nami wakati wote nilimwita bwana na sikupandisha sauti. Akanijibu hayo niliyokwisha kuyataja kuhusu gari la kiwandani. Kisha akaongeza kwamba wateja wake wote hurekebisha milango wenyewe, kwamba huo ndio utamu wa kujenga gari nyumbani, na kwamba ankara yake inasema kwa maandishi madogo malalamiko yote yaletwe ndani ya siku 7. Siku 7! Nchi hii ina Sheria ya Haki za Wateja ya mwaka 2015, inayompa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro, na hata baada ya hapo inampa haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya mwanzo huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kupokelewa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Maandishi madogo ya ankara hayafuti sheria. Nilimwambia hivyo, naye akanijibu kwamba nikodi lori niirudishe kwa gharama yangu, huku akijua fika kwamba sakafu yangu ilikwisha kukatwa kwa vipimo vya bodi yake na kwamba gari la Beetle lililovuliwa bodi haliuziki. Kukata simu alikata yeye.

Basi nikarekebisha mwenyewe, si kwa sababu alisema, bali kwa sababu gereji yangu ilikuwa imejaa. Nililegeza bolti zote, nikaingiza vipande vyembamba vya chuma chini ya upande ulioshuka, nikavuta bodi kutoka pembe moja hadi nyingine kwa mikanda ya kufungia mizigo mpaka vipimo viwili vikalingana, kisha nikabandika vyuma vya boksi ndani ya vizingiti vya milango kwa tabaka kadhaa za mkeka na resini. Nilipofungua mikanda, bodi ilirudi nyuma kidogo, lakini kidogo tu. Kingo za mlango nilizisaga kwa grainda hadi nikafika kwenye nyuzi safi, mifuko yote ya hewa nikaifungua, na nikazijenga upya kingo kwa vipande vya mkeka, nikivipiga rola mpaka vikawa havina povu. Kazi hii inahitaji ovaroli ya kujifunika mwili mzima na barakoa ya kweli, si ile ya kitambaa, maana vumbi la faiba huwasha ngozi na halifai kabisa kuingia mapafuni. Baridi nayo ni adui: chini ya nyuzi joto 15 resini ya poliesta hubaki inanata, na ukijaribu kuiharakisha kwa kuzidisha hadina, yaani kemikali ya kuigandisha, kupita asilimia mbili hivi, hupata joto ghafla na kupasuka. Nilipasha gereji kwa hita ya umeme isiyo na moto wa wazi, kwa sababu mvuke wa resini unashika moto. Harufu yake iliingia mpaka ndani ya nyumba, mpaka kwenye mapazia, na mke wangu aliongea na muuzaji yule kwa mbali, akiwa jikoni, maneno ambayo hayaandikiki.

Mlango sasa unafunga. Unafunga kwa sauti moja, bila kusukumwa kwa goti, na mwanya umezunguka sawasawa. Nimeusifu mbele ya watu kiasi kwamba watoto wangu wamechoka. Gari limepita ukaguzi wa IVA, yaani ukaguzi wa serikali wa gari moja moja, ambao nilitakiwa kuupitia baada ya kukata sakafu. Mkaguzi aliangalia bawaba na vitasa kwa makini kuliko alivyoangalia injini, akapitisha mkono kwenye kingo zote za nje akitafuta ncha kali, akaandika alichoandika, akaniambia nimefanya kazi safi. Nilipoliendesha mara ya kwanza bila paa, injini ikiimba nyuma ya mgongo wangu, nilisahau mambo mengi, na nikaketi usiku ule kuandika kwamba bodi hii inastahili nyota tatu, pengine hata nne kwa mnunuzi mwenye mjomba wa boti. Umbo ni zuri mno. Jelikoti ni nene ya kutosha kupigwa msasa bila kutoboka, na hilo si jambo dogo, maana nimeziona bodi za watu wengine ambazo nyuzi huonekana baada ya kusugua mara chache. Dada wa ofisini kwao pia alikuwa mtu muungwana. Ndiye aliyenitumia bawaba nyingine bila malipo nilipomweleza, na akaniomba radhi kwa jambo ambalo halikuwa lake.

Lakini tathmini hiyo nilikuwa bado sijaiweka hadharani. Nilihitaji mpira wa kuzuia mvua unaozunguka mlango wa dereva, ambao haukuwamo ndani ya sanduku la vifaa ingawa umeorodheshwa kwenye ankara niliyokwisha kuilipa. Nikaandika barua pepe ya mistari mitatu, ya adabu. Jibu halikutoka kwa yule dada, lilitoka kwa bwana mwenyewe, akinieleza kwamba karakana haiwezi kunitumia mpira huo wala kusimamia dhamana ya aina yoyote kwa upande wa kulia, kwa sababu mlango huo, kwa mujibu wa picha nilizowatumia mimi mwenyewe, umefanyiwa mabadiliko na mteja.

Nyota tatu nimezifuta, nimeacha moja, na hiyo moja ni ya yule dada wa ofisini. Mpira nimeuagiza kwa muuzaji mwingine.