Atelye ya sidikari kule commune Kenya ya Lubumbashi: gidoni yangu sasa inageuka

Batu bengi bananiuliza gidoni (usukani) ya moto (pikipiki) yangu imekuwa nyepesi namna gani, basi naandika hapa mara moja.

Niko na moto ya 150 cc, ile ile ya bamanseba (batu ba taxi moto), na sidikari (kigari ya gurudumu moja yenye kufungwa kando) mukono ya kuume ya kubebea mikate. Saa kumi ya asubuhi natoka kupakia, nazunguka Katuba, Kamalondo, kisha naenda paka Ruashi. Mwaka muzima nilikuwa narudi nyumbani mabega yamekufa, hata kuinua kikombe ya chai ni shida, bibi yangu njo alikuwa ananikanda na mafuta kila mangaribi. Kule kwenye balisude sidikari baliniambia nitazoea tu. Bakanipa gidoni ya kupanuka, bakatia grisi mu rulema (beringi) ya gidoni, nikaongeza na pumzi mu pine ya mbele, ikasaidia kidogo sana.

Sasa huyu muzee mwenye atelye ya Kenya, kabla ya kushika hata ufunguo moja, alichukua chuma ya kunyooka akailaza sambamba na tibu ya gidoni, ile gidoni inazungukia ndani, paka chini, akapiga alama ya choki. Kisha akaangusha kamba yenye nati kutoka kwa akse ya gurudumu ya mbele, akapiga alama ingine. Katikati ya alama mbili: sentimita 9 na nusu. Akaniambia mwanangu, adui yako ni huyu. Huo umbali unaitwa shase, na kwa moto ya peke yake ni muzuri kabisa juu unaifanya ijinyooshe yenyewe, na kwa kona moto inalala. Lakini yenye sidikari hailali, unaigeuza kwa nguvu ya mikono, na kila kona unapigana na zile sentimita 9. Ile gidoni ya kupanuka inakupa mukono murefu, lakini adui anabaki pale pale.

Akatoa furshi ya kawaida (vyuma viwili vya mbele vinavyoshika gurudumu), akatengeneza yenye mikono mifupi inayosukuma gurudumu mbele. Hakuibuni yeye, Ural, moto zilizoanzia Urusi zinazouzwa na sidikari, ziko na furshi ya namna hiyo, na BMW za 1955 paka 1969 zilikuwa na furshi inayoitwa Earles yenye nafasi mbili za kufungia, moja ya solo na moja ya sidikari. Shase ikashuka paka sentimita 5.

Kile kilichonigusa ni mizani. Ile ya ndoano ya bauza nyama! Aliifunga kwa ncha ya gidoni, kijana akasukuma moto polepole mu duara, sidikari imejaa, muzee anavuta gidoni na mizani. Mbele ya kazi ilisoma kilo 11. Nyuma ya kazi kilo 6. Niliona na macho yangu, nikamwomba arudie, akarudia, 6.

Alinyoosha na sidikari, juu ilikuwa inavuta. Mbao mbili ndefu kando ya magurudumu, akaacha gurudumu ya sidikari liangalie ndani kidogo, kama sentimita 2, na moto akailaza nywele tu upande wa kushoto, juu barabara zetu zinashuka kuume. Sasa kwa gudro (lami) yenye kunyooka haivuti tena.

Kuko jambo moja lilinikasirisha. Siku ya kwanza, mwendo kama 30, nikatoa mukono moja nifunge jaketi, gidoni ikaanza kucheza kushoto kuume kama kichaa, nikaogopa sana. Nikarudi, akasema shase ikipungua hivyo ni kawaida, inahitaji amortisere ya gidoni, kifaa ya kuituliza isicheze. Angeniambia kabla ya kuniacha niondoke! Aliitia siku ile ile, imetulia, lakini mutu mwingine angeanguka. Wewe ukienda, omba amortisere tangu mwanzo, iwe mu bei.

Freni yake ujue: sidikari haina freni, ukikamata kwa nguvu moto inavuta kushoto, hiyo furshi haiwezi kuiondoa. Ukianza kwa gesi inavuta kuume.

Ilichukua siku 6, alikuwa ameahidi 3, na nililipa dola 180. Jana nilifanya Ruashi kwenda na kurudi mara mbili, nikafika nyumbani nikainua mutoto wangu juu.