GNU ddrescue: programu ya kunakili diski kongwe kabla haijafa

Kwa muda wa wiki tatu nimekuwa nikitumia programu ya GNU ddrescue kuokoa yaliyomo katika kompyuta ya mezani ya mjomba wangu, ambayo ilikuwa imekaa kabatini zaidi ya miaka kumi na mitano bila kuwashwa. Ndani yake mlikuwa na diski kuu moja ya GB 40 yenye kiunganishi cha IDE (aina ya zamani, yenye utepe mpana wa waya), na juu yake bahasha yenye disketi 11. Mjomba alikuwa ameandika humo nasaba ya ukoo wetu, akiwahoji wazee ambao wengi wao hatunao tena, na hapakuwa na nakala nyingine popote. Natanguliza uamuzi wangu ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: kwa diski ambayo bado inazunguka lakini inasomeka kwa shida, sijaona programu ya bure inayofanya kazi hii kwa uangalifu zaidi.

Kabla ya programu yenyewe, sharti diski ionekane na kompyuta, na hapo ndipo nilipopoteza siku nne. Nilinunua adapta ya kuunganisha IDE na USB, nikaweka jampa (kijiziba kidogo cha kuunganisha pini za diski) katika nafasi ya diski ya kwanza, nikahakikisha kwamba ukingo mwekundu wa utepe wa waya uko upande wa pini ya kwanza, kisha nikawasha. Diski ilianza kuzunguka, ikasita, ikaanza tena, na kila mara ilitoa mlio unaomfanya mtu aamini kwamba mota imekufa. Kosa halikuwa la diski. Diski za inchi 3.5 huhitaji volti 12 kwa ajili ya mota na volti 5 kwa ajili ya saketi zake, tofauti na zile ndogo za kompyuta mpakato ambazo hutosheka na volti 5 peke yake, na kifaa cha umeme kilichokuja na adapta kilikuwa dhaifu mno kuweza kuisukuma mota inapoanza kazi. Nilipochukua umeme kutoka pawasaplai ya kompyuta nyingine, diski ilivuma mara moja na ikaendelea kuvuma bila kusita. Tangu siku hiyo naona ni dhuluma kuihukumu diski kuwa mbovu kabla ya kubadilisha umeme wake.

Kompyuta ilipoitambua diski, Windows ilijitokeza na pendekezo la kuifomati. Pendekezo hilo ni la kukataliwa bila kufikiri mara mbili. Niliondoka Windows nikawasha kompyuta kwa flashi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux ambao tayari una ddrescue ndani yake, na kazi ikaanza.

Programu hii iliandikwa na Antonio Diaz Diaz na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Ubora wake umo katika mpangilio wa kazi. Njia ya kawaida ya kunakili mafaili huenda moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na ikikutana na sekta (kipande kidogo kabisa cha diski kinachosomwa) isiyosomeka ama husimama, ama huing'ang'ania sekta hiyo huku kichwa cha kusomea kikihangaika. Diski iliyochoka huenda imebakiwa na saa chache tu za uhai, kwa hiyo kuzitumia saa hizo kupigana na sekta moja ya baiti 512 ni hasara ya wazi. ddrescue hufanya kinyume: husoma kwa mafungu makubwa, ikikuta fungu lenye hitilafu huruka mbele na kuokota kwanza yote yanayookoteka kwa urahisi. Baada ya hapo ndipo hurudi kwenye mafungu yaliyoachwa, huyapunguza kutoka kingoni hadi ipate mpaka wa ubovu, kisha huyakwangua sekta moja moja, na mwisho hurudia majaribio kwa idadi ya mara ambayo mtumiaji ameitaja.

Niliipa amri ya kwanza ikiwa na -d, ili isome diski moja kwa moja bila kupitia kumbukumbu ya mfumo, na -n, ili isianze kukwangua mapema. Nilikaa mbele ya skrini. Kasi ilikuwa karibu MB 28 kwa sekunde, na kwa robo saa hivi hapakuwa na jambo la kutisha. Kisha ikaporomoka ghafla hadi KB chache, diski ikanyamaza kama mtu anayevuta pumzi, na hesabu ya makosa ikapanda kutoka sifuri hadi moja. Sekunde kadhaa baadaye programu iliruka mbele na kasi ikarudi juu. Nakiri kwamba niliona faraja kubwa, kwa sababu programu nyingine niliyokuwa nimeijaribu awali ilikwama saa mbili nzima katika eneo hilohilo. Chini ya saa moja, kati ya sekta zaidi ya milioni 78, zilizokuwa hazijasomwa zilikuwa sehemu ndogo sana. Zilizosalia niliziachia amri ya pili, ya -r3, yaani kurudia majaribio mara tatu, usiku kucha.

Nguzo ya kazi yote ni faili dogo la maandishi linaloitwa faili la ramani, ambamo programu huandika ni maeneo gani yamesomwa, yapi hayajaguswa na yapi yameshindikana. Usiku huo adapta iliganda, nikalazimika kuchomoa waya na kuanza upya. Kwa sababu ya ramani, ddrescue iliendelea pale ilipoishia bila kugusa tena hata sekta moja iliyokwisha kusomwa. Lakini naomba msomaji azingatie jambo hili: diski iliporudi ilikuwa imebadilika jina kutoka sdb kuwa sdc, na laiti ningerudia amri ya zamani bila kutazama kwanza orodha ya lsblk, amri inayoonyesha diski zilizounganishwa, ningekuwa naelekeza kwenye kifaa kisichohusika. Kuna kinga moja nzuri hapa, kwamba programu hukataa kuandika juu ya kifaa isipokuwa mtumiaji ameilazimisha waziwazi, ila kinga hiyo haimsaidii anayeongeza alama ya kulazimisha kwa mazoea.

Ramani hiyohiyo ndiyo iliyookoa disketi. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 hubeba baiti 1,474,560, na kwa kiendeshi cha kwanza, saba kati ya zile 11 zilisomeka kikamilifu. Nne zilizobaki nilizihamishia kwenye kiendeshi kingine huku nikitumia taswira (faili lenye nakala kamili ya disketi, sekta kwa sekta) na ramani zilezile, na kwa kuwa kila kiendeshi huwa na kichwa kilichokaa tofauti kidogo, cha pili kilisoma sekta ambazo cha kwanza kilizishindwa. Disketi tatu zikakamilika. Moja imebaki na pengo la KB 6, na nimeridhika nalo baada ya kusafisha kichwa na kujaribu mara tatu.

Baada ya kupata faili la taswira la diski kuu nilitengeneza nakala yake ya pili, na ukarabati wote nikaufanya juu ya nakala hiyo kwa TestDisk, programu ya kurekebisha diski na kurudisha mafaili, kwani ddrescue yenyewe haitengenezi mfumo wa mafaili wala haijui faili ni nini. Inajua sekta tu. Hata hivyo ina uwezo wa kuyajaza maeneo yaliyoshindikana kwa neno ambalo mtumiaji amelichagua, ili baadaye mtu atafute neno hilo ndani ya mafaili na kujua kwa hakika ni yapi yaliyojeruhiwa. Nilipata mafaili manne: matatu ya mfumo, yasiyo na thamani kwetu, na picha moja ambayo nusu yake ya chini imekuwa kijivu. Nasaba ilikuwa katika muundo wa WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, na LibreOffice iliifungua ikiwa nzima, pamoja na maelezo ya pambizoni ya mjomba.

Kasoro zake zipo. Haina madirisha wala vitufe, kila kitu huandikwa kwa amri, na anayeogopa skrini nyeusi atahitaji mtu wa kukaa naye. Jina lake linafanana mno na dd_rescue, programu tofauti kabisa yenye alama tofauti za amri, na mimi mwenyewe nilisoma maelekezo yasiyo yake kwa nusu siku. Inahitaji pia nafasi ya kutosha kuhifadhi diski nzima, hata kama mafaili unayoyataka ni machache. Na ikiwa diski inagonga kwa mlio wa kurudiarudia, hata baada ya umeme kubadilishwa, nasihi sana isitumiwe: hapo tatizo ni la vichwa, kila mzunguko unaweza kukwaruza sahani zaidi, na kazi hiyo ni ya mafundi wenye chumba kisicho na vumbi. Wala diski isiwekwe kwenye friji kama baadhi ya watu wanavyoshauri, maana ikitolewa hushika unyevu juu ya sahani.

Diski ya mjomba nimeizima na kuirudisha katika mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Taswira yake imo katika diski mbili tofauti, moja kwangu na nyingine kwa binti yake, na pembeni ya kila taswira nimeweka faili la ramani, kwa kuwa bila hilo hakuna atakayejua ni sekta zipi zilizokuwa tupu tangu mwanzo na zipi tulizozikosa.