Kikohozi cha mtoto: asali ya Sikonge, Tabora, au dawa ya dukani?

Kwa kikohozi cha mafua, mimi nasimama na asali. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, zinaonyesha asali humpunguzia mtoto kikohozi kuliko kutompa kitu, na mwongozo wa Uingereza wa 2019 unaitaja. Kijiko kimoja kabla ya kulala kinatosha, mradi iwe asali kweli. Za barabarani nyingine ni sukari guru tu.

Dawa za maji za dukani nyingi hazina ushahidi wa maana, na zenye kodeini (dawa ya jamii ya afyuni) hazifai kwa walio chini ya miaka 12.

Ila kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asali ni marufuku: huweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli. Na kama mafua yameambatana na sikio kutoa usaha, usitie humo asali wala mafuta, mpeleke mtoto zahanati.