Utabiri wa hewa wa wanajeshi wa Cape Canaveral: nyota nne

Kazi yangu ni kupeleka wageni kutoka hoteli za Orlando hadi Titusville au Cocoa Beach kutazama roketi. Ni mwendo wa saa nzima, na roketi ikiahirishwa mgeni hununa kana kwamba mawingu nimeyaleta mimi. Kwa hiyo kabla ya kukubali safari nasoma karatasi ya utabiri ya 45th Weather Squadron, kikosi cha hali ya hewa cha Space Launch Delta 45, wanajeshi wa anga za juu wa Marekani wanaosimamia urushaji wa roketi pale Cape Canaveral, Florida. Inapatikana bure mtandaoni siku chache kabla, na hurekebishwa saa zikikaribia.

Wengi huisoma vibaya. Wakiona asilimia 40, wanadhani ni mvua. La! Ni uwezekano kwamba hata sharti moja tu la hewa litavunjwa wakati wa kurusha. Jua laweza kuwaka ufukweni na roketi isiondoke, kisa wingu nene lililo juu. Roketi ikipenya wingu lenye umeme ndani yake, yenyewe huuvuta umeme huo, hata kama hapakuwa na radi. Apollo 12, iliyokuwa ikienda mwezini, ilipigwa mara mbili kabla haijamaliza dakika ya kwanza, tarehe 14 Novemba 1969, ikanusurika. Roketi ya Atlas-Centaur ya Machi 1987 ilipigwa ikaharibika na setilaiti yake ikapotea. Baada ya hapo masharti yalikazwa, na siku hizi vipimo vya umeme wa hewani vimetapakaa kote Cape.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba wanataja wingu gani linawatia wasiwasi, na wanatoa pia asilimia ya siku ya pili endapo kutaahirishwa. Hapo ndipo penye faida yangu. Leo ikiwa 60 na kesho 10, namwambia mgeni aongeze usiku mmoja hotelini. Wakati wa majira ya joto ya huku, ngurumo za alasiri ni kama ada, basi safari za asubuhi ndizo nazichangamkia.

Nyota ya tano nimeizuia. Vifupisho ni vingi mno. Halafu upepo wa juu sana, na hali ya bahari pale roketi inapotua, vimeandikwa pembeni kama hatari ndogo, ya wastani au kubwa, wala havimo kwenye ile asilimia. Anayetazama namba peke yake ataumia. Vali ikivuja, au mashua ikiingia eneo lililofungwa, hilo nalo halimo kabisa.

Tena namba si ahadi. Tarehe 27 Mei 2020 wanaanga Doug Hurley na Bob Behnken walikuwa wameshafungwa mikanda ndani ya chombo, zimebaki dakika kama 17, hewa ikakataa. Wakaondoka tarehe 30.

(Mimi ni wa Malindi. Jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi kule Ngomeni lilirusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, na roketi ya mwisho ikaondoka 1988. Wageni wangu huwa hawaniamini mpaka watafute kwenye simu.)

Utaratibu wangu: chini ya 30 natia mafuta jioni. Kati ya 30 na 70 nangoja toleo la mwisho. Ikizidi hapo, sipokei arabuni ya mtu.