Archer C7 ya mtumba: toleo gani ununue, na ikigoma kuwaka ufanyeje

Assalam alaykum, watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani nina TP-Link Archer C7, ruta ya mwaka 2013, ile ya antena tatu nyuma. Hapa Mombasa ni rahisi kuipata kwa wauza vifaa vya mtumba, na wengi mmeniuliza kama bado inafaa. Inafaa, ila si kila moja. Hebu tuigeuze.

Mnaiona stika hii ya chini? Pameandikwa "Ver: 2.0". Angalieni hapo kabla ya kutaja bei. Toleo la 1 na la 2 kwa nje ni pacha. Kwa ndani, toleo la 1 lina hifadhi ya MB 8, na chipu yake ya Wi-Fi ya GHz 5 haikubali OpenWrt, yaani programu dhibiti (ile inayoiendesha ruta) tutakayoiweka badala ya ile ya kiwandani, kwa hivyo unabaki na GHz 2.4 peke yake. Toleo la 2 lina hifadhi ya MB 16 na RAM ya MB 128, na masafa yote mawili yanafanya kazi. Muuzaji akikataa kuigeuza, muage uende zako.

Chunguza na matundu ya waya. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Ukiona vile vijino vya shaba vimeshika kutu ya kijani, iache.

Kwa nini tubadilishe programu dhibiti? Kwa sababu ruta ya umri huu haipokei tena marekebisho kutoka kiwandani, na kila tundu la usalama linalogunduliwa linabaki wazi. Mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kiliingia kwenye vifaa kama 500,000 katika nchi 54, nyingi zikiwa ruta za majumbani kama hii. Mlango wa nyumba yako yote ndio huu, jamani. OpenWrt ni ya bure, imekuwepo tangu 2004, na bado inatunzwa.

Sasa kazi. Stima ikipotea katikati ya kuandika programu, ruta inaweza isiwake tena, na stima yetu mnaijua. Ichomekeni kwenye UPS, lile sanduku la betri linaloshikilia stima ikipotea. Tumieni waya, si Wi-Fi, na mhakikishe alama ya SHA256 ya faili, yaani ile nambari ndefu inayoonyesha kuwa faili ni kamili, inalingana na ile ya tovuti ya OpenWrt. Mara ya kwanza mnachukua faili la "factory" na kulipakia kwenye ukurasa wa ruta wa kusasisha programu. "Sysupgrade" ni la masasisho ya baadaye. Ikiwaletea kosa nambari 18005, msihangaike: mara nyingi jina la faili ni refu mno, lifupisheni. Au ruta ilitoka Marekani na inataka faili lenye "us" mwishoni.

Na ikifa? Hapa ndipo ninapoipendea ruta hii. Ipe kompyuta anwani 192.168.0.66, washa programu ya TFTP, ya kurushia ruta faili kwa waya, weka humo programu ya kiwandani na uibatize jina ArcherC7v2_tp_recovery.bin, herufi kwa herufi. Waya uwe kwenye tundu la LAN. Bonyeza kitufe cha Reset, washa, usikiachie mpaka taa ya WPS iwake. Itajivutia faili yenyewe. Subiri, usiizime.



Kasoro ninayoiona ni moja. Ukiwa na OpenWrt, kazi yote inabebwa na prosesa ya MHz 720, kwa hivyo gigabiti kamili haitafika. Kwa kifurushi cha nyumbani cha Mbps 20 au 40, haitetereki.

Na ukimaliza usidhani umeiharibu ukikosa Wi-Fi: OpenWrt huja nayo imezimwa. Ingia 192.168.1.1 kwenye kivinjari, kwa waya, jina ni root, nywila hakuna, kwa hivyo iweke papo hapo. Kisha nenda Network, Wireless, chagua nchi KE, uiwashe.